Silinda Hedi Niliyoipeleka Arobaini

Watu huniuliza kama nimemsamehe binamu yangu. Huwa najibu kwamba tunasalimiana. Nikimkuta msibani nampa mkono, na sikukuu mama akipika pilau anatumiwa sahani yake kama ndugu wengine. Zaidi ya hapo wasiniulize, kwa sababu nitasema kweli na hawataipenda.

Baba alikuwa na pikapu moja maisha yake yote. Alishusha nayo ndizi na machungwa kutoka Kinole hadi sokoni Morogoro, na mavuno ya mpunga yakifika alikwenda nayo Turiani kubeba magunia ya watu. Mimi ni mtoto wake wa pekee, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshikia spana. Wenzangu walipokuwa wanasukwa nywele Jumamosi, mimi nilikuwa chali chini ya injini, naye akiniuliza boliti hii inafunguliwa na spana namba ngapi, na nikikosea ananirudishia spana bila neno. Nilipomaliza shule nilikwenda chuo cha ufundi, nikarudi, na sasa nina gereji yangu ndogo Msamvu, mabati juu na kreti za soda za kukalia wateja. Baba alikuja kuiona ilipokuwa bado mpya. Akakagua sanduku langu la spana moja moja, akafunga kifuniko, akaondoka. Kwa baba hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ili mtu anielewe, lazima kwanza aelewe utani wetu. Kwetu Uluguru mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Tunaitana mume na mke, tunatukanana mbele za watu, na haruhusiwi mtu kununa. Msibani ndiyo utani unazidi. Mtani anavaa kofia ya marehemu na kuigiza anavyokohoa. Anachukua kiti chake au baiskeli yake, anasema ameiteka na hairudi mpaka ikombolewe. Wafiwa wanatoa kitu kidogo, kuku au kanga, watu wanacheka, na kitu kinarudi mahali pake. Anayekasirika ndiye mwenye makosa. Tumeishi hivyo, na sijui tungewezaje kuzikana bila hivyo.

Siku tuliyomzika baba, wanaume waliporudi kutoka makaburini, binamu yangu huyo, mtoto wa shangazi, alivaa koti la kazi la baba, akaingia kwenye pikapu na kupiga honi. Akaigiza namna baba alivyonyanyua bega kila akibadilisha gia. Alipatia kabisa. Hata mimi nilicheka, na machozi yangu hayajakauka. Akatangaza kwamba gari amelitwaa, kwa hiyo wafiwa waje walikomboe. Mama akatoka ndani na jogoo wake mwekundu, wa pekee aliyekuwa amebaki baada ya kulisha waombolezaji, akampa kwa mikono miwili. Binamu akamwinua jogoo juu, akasema huyu ni mgonjwa, anahitaji kupelekwa hospitali, watu wakavunjika mbavu. Akampakia jogoo kiti cha mbele, akawasha gari, akateremka nalo. Tulijua anazunguka kijiji na kurudi.

Hakurudi. Siku ya tatu tulisikia anapakia ndizi. Arobaini ya baba ilipofika alikuja na gari akaliegesha uani kwetu kama mgeni. Mama alipouliza, wazee wa ukoo wa baba wakamweleza taratibu kwamba marehemu alikuwa mtu wa ukoo wao, na mimi ni mtu wa ukoo wa mama yangu, na tangu zamani mali ya mjomba huenda kwa mpwa. Watu walewale ambao kwenye ndoa zetu hutuhesabia dini inavyosema, siku hiyo dini iliwatoka kichwani, wakaikumbuka mila. Mama hakutaka kwenda mahakamani. Alisema hawezi kumshitaki mtoto wa wifi yake, wifi aliyemfundisha kupika alipokuja kwa wakwe. Mimi nilitaka. Nilitaka hata polisi. Lakini mfiwa alikuwa mama, nami nikarudi gereji kwangu.

Hata hivyo gari peke yake pengine ningelimeza. Kilichonishinda kilitokea masika yaliyofuata. Mama alikuwa anashuka mjini kwa ajili ya goti lake, akamsimamisha binamu pale njia panda. Kiti cha mbele hakikuwa na mtu. Binamu akamwambia, "Mama mkwe, panda nyuma. Mbele kuna mzigo." Mzigo wenyewe ulikuwa kapu la mayai. Mama akasaidiwa kupanda, akakaa juu ya mikungu ya ndizi, na mvua ikawapata kabla hawajafika Bigwa. Alifika gereji kwangu amelowa chepechepe, akaomba kanga kavu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mayai yalifika salama. Nilimkausha nywele zake nyeupe kwa taulo la kufutia mikono, maana sikuwa na jingine, na nikaapa kwamba mtoto wa shangazi atakuja kukaa juu ya ndizi zilezile.

Sikujua nitafanyaje. Nilingoja. Kungoja hakunisumbui, kazi yangu yenyewe ni ya kungojea vipuri.

Kisha shangazi, mama yake binamu, akafariki. Huyo nilimpenda. Siku ya maziko sikumfanyia utani wowote, nililia tu nikarudi mjini. Arobaini yake ilipokaribia, binamu alikuwa anapandisha mchele na kuni kwa ajili ya shughuli, na pikapu ikachemsha kwenye mlima wa kwenda Kinole. Mtu mwenye akili anazima injini na kungoja ipoe. Yeye alimwagia maji ya mtoni, akaendelea, ikachemsha tena, akamwagia tena, mpaka ikazima yenyewe. Kesho yake nikaona pikapu ya baba inaingia gereji kwangu ikivutwa kwa kamba na lori la mchanga.

"Mke wangu," akasema akishuka, "tutengenezee gari letu."

"Mume wangu, gari letu umelifanya nini?"

"Limechoka tu. Lina umri wa baba mkwe."

Nikacheka, kama inavyotakiwa. Angeweza kwenda kwa mafundi wengine, mji umejaa, lakini wengine wangemtoza. Mtani hamtozi mtani, ndivyo alivyohesabu. Akasema arobaini ni Jumapili na gari analihitaji kabla, abebe wazee. Kisha akatia ufunguo mfukoni. Nilipomwambia ufunguo unabaki na fundi, akacheka. "Nikuachie uende nalo matembezi?"

Nilianza kazi asubuhi yake. Nilipofungua maji ya rejeta, yale ya kupozea injini, yalitoka ya rangi ya kutu na yenye harufu ya sabuni ya kufulia. Rejeta ilikuwa inavuja, naye alikuwa ameiziba kwa kipande cha sabuni, wanavyofanya madereva wa njia ile, na sabuni ikayeyuka ikaingia kwenye njia za maji. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameshaingia. Thamostati, kile kidude kinachosubiri injini ipate moto ndipo kifungulie maji, hakikuwepo kabisa. Alikuwa amekinyofoa na kukitupa, kwa imani ya watu wengi kwamba nchi ya joto haikihitaji. Baba alikuwa akimfukuza uani kwake mtu anayesema maneno hayo.

Nikafungua manifodi za hewa na moshi, nikaweka alama kwenye mkanda wa taiming kabla ya kuutoa, nikavua kifuniko cha valvu. Pale nikasimama kidogo. Pembeni ya kila boliti ya hedi, kile chuma kizito kinachofunika silinda, kulikuwa na vidoti vidogo vilivyogongwa kwa msumari wa chuma. Kidoti kimoja, viwili, vitatu. Baba alivigonga mwenyewe zamani kuonyesha mpangilio wa kukaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa sababu hakumwamini fundi yeyote atakayekuja baada yake. Nilikuwa nimevisahau. Nikavigusa kwa kidole chenye grisi, na hasira iliyonipanda pale ilinifanya nitoke nje nikanywe maji.

Nitasema nilichofikiria nikiwa nje. Hedi ya aluminiamu ni rahisi kuua. Ukilegeza boliti za katikati kwanza inajikunja. Ukisahau kitambaa kidogo kwenye njia ya oili, gari linatoka gereji likiimba na linakufa Dumila, mbali na mjini, na hakuna atakayejua. Nilifikiri yote hayo, nikayafurahia moja baada ya jingine. Kisha nikarudi ndani nikalegeza boliti kama nilivyofundishwa, kutoka pembeni kuja katikati, robo mzunguko kila moja, nikarudia. Injini ile haikunikosea. Aliyenikosea alikuwa na ufunguo mfukoni.

Hedi ilipolegea niliitikisa mpaka ikaachia. Gasketi, ile inayolazwa chini ya hedi kuzuia maji na oili visichanganyike, ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, pamekuwa peusi, pametoboka. Nikalaza rula ya chuma kwenye uso wa hedi na kuona mwanga unapita katikati. Imepinda. Nikaipeleka kwa mchonga vyuma mjini, akaisawazisha, ikarudi Ijumaa inang'aa kama sufuria la harusi. Gasketi mpya ilikuwa rafuni tangu Jumatano. Ningeweza kufunga injini jioni ileile.

Binamu akapiga simu. "Mke wangu, vipi, tayari?"

"Hedi imekuja nzuri sana. Nitakuja nayo Jumapili uione."

"Uje nayo vipi? Si uifunge?"

"Mume wangu, huniamini?"

Akacheka, akasema basi ataazima gari la jirani kubeba wazee. Alidhani namtania. Nilikuwa namtania kweli.

Jumapili asubuhi niliifunga hedi kwenye kanga ya mama, nikapanda bodaboda na kuipakata hadi Kinole. Dereva aliniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia ni mkubwa kuliko yeye.

Sikuingilia dua. Shangazi alistahili dua yake, na niliitikia amina pamoja na wengine. Tukala. Tulipokwisha kunawa mikono, watani tukaanza. Mmoja akaigiza shangazi akimfokea mbuzi, mwingine akagombea kitanda chake. Zamu yangu ilipofika nikajifunga ile kanga kiunoni, nikaja na mwendo wa shangazi, mkono mmoja mgongoni, nikatua hedi katikati ya mkeka wa wazee, nikaikalia.

"Nimeteka," nikasema. "Wafiwa waje wakomboe."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Hakuna aliyewahi kuona mtani anateka hedi. Binamu naye alicheka, akatuma aletewe kuku. Nikamkataa. Akaleta kanga ya marehemu mama yake, nzuri, mpya. Nikaipokea kwa heshima, nikaibusu, nikamrudishia.

"Unataka nini basi, mke wangu?"

"Ufunguo."

"Wa gari? Ufunguo utaufanyia nini, na injini iko wazi?"

"Na wewe gari utalifanyia nini, na hedi nimeikalia?"

Wakacheka tena, ila yeye sasa alikuwa anacheka kwa mdomo tu. Akapiga hatua, akasema inatosha, akainama aichukue. Nikaikumbatia. Akavuta, nikavuta, na kanga ya mama ikachanika. Kina mama wakaanza kumzomea kwamba amekasirika, mtani amenuna, atozwe. Hapo ndipo alipojikwaa.

"Huu si utani," akasema kwa sauti. "Mtu anachukua kitu cha mwenzake msibani, anakatalia nacho. Huo ni wizi."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, miaka mingi nimeyaandaa, nikifungua boliti za watu nayapanga upya. Hata moja sikulihitaji. Kabla sijafungua mdomo nilisikia sauti ya mama kutoka mkeka wa wanawake, ileile ndogo anayotumia kuuliza bei.

"Baba, na yule jogoo wangu? Niliyemtoa kukomboa gari. Ulimla?"

Hakuna aliyecheka. Binamu alimtazama mama, kisha akawatazama wazee, na wazee wakatazama mikono yao. Kila mtu pale alimkumbuka jogoo mwekundu. Walicheka siku ile alipoinuliwa juu, na wote walijua kwamba kitu kikishakombolewa kinarudi, mila isiyohitaji mtu kuelezwa. Niliona inawaingia mmoja mmoja. Nisingeuza dakika ile kwa gari jipya.

Mkubwa wa ukoo wao, mzee yuleyule aliyemweleza mama habari za mjomba na mpwa, akakohoa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," kwa adabu zote. Akaitika marahaba bila kunitazama, akamwambia binamu, "Kijana, mama yako yuko chini ya udongo. Usitutie aibu kwake. Gari lilishakombolewa. Toa."

Akatoa. Hakunipa mkononi, aliutupa mkekani, nikaufuata kwa magoti mbele ya watu wote na sikuona aibu hata kidogo. Bado ulikuwa na kipande cha ngozi alichokishona baba.

Nilifunga injini siku iliyofuata. Nilisafisha njia za maji mpaka sabuni ikaisha, nikatia thamostati mpya, nikalaza gasketi, nikashusha hedi polepole. Kisha nikakaza boliti kwa vidoti vya baba, kimoja, viwili, vitatu, awamu kwa awamu, nikivisoma kwa sauti ingawa sikuwa na wa kumsomea. Ilipowaka nililia kidogo, halafu nikafuta uso nikasikiliza valvu. Mama alipokuja kuiona nilimwambia gasketi mpya haitaki haraka siku za mwanzo, mlima tunapanda kwa gia ndogo na mteremko hatukimbii. Akasikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maelekezo ya dawa.

Masika yalipoanza nilikwenda kumchukua Kinole kwa ajili ya goti lake. Nyuma tulipakia mikungu ya ndizi. Mbele alikaa yeye, na katikati yetu palibaki nafasi ya mtu mmoja. Tulipofika njia panda, binamu alikuwa amesimama na begi, anapunga mkono. Mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima wote. Nikasimama.

"Mama mkwe, shikamoo," akasema, akashika kitasa cha mlango.

"Marahaba, baba," mama akajibu. Kisha akainua kapu la mayai lililokuwa miguuni pake, akaliweka taratibu kwenye ile nafasi ya katikati.

Sikuhitaji kusema kitu. Nilisema hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimelisubiri sana neno hilo. "Panda nyuma, mume wangu. Mbele kuna mzigo."

Alinitazama, akamtazama mama, akatazama barabara ambayo haikuwa na gari jingine. Akapanda. Nikamwona kwenye kioo akitafuta pa kukaa juu ya ndizi.

Mvua ilituwahi kabla ya Bigwa, nzito, ya kupiga bati. Mguu wangu wenyewe ukakanyaga mafuta, kwa mazoea tu ya kutaka kumfikisha mtu pakavu. Mama hakugeuka nyuma. Alizungusha kioo chake kikafunga, akalishika kapu lisicheze.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Si ulisema gasketi mpya haitaki haraka?"

Nikarudi gia ya pili.